Jina Lililobaki Chini ya Rangi

Chini ya jina la gari langu palikuwa na jina jingine. Fundi alipobandua herufi za mlango wa nyuma, kivuli cha herufi za zamani kilionekana kwenye rangi, nacho kilisomeka neno ambalo sikuwahi kulisikia.

Hatukuzibandua kwa kutafuta siri. Pampu ya maji ilikuwa imeanza kuvuja njiani kutoka Mwera, anakoishi mama. Ana kidonda cha mguu kinachosafishwa kila Jumanne katika hospitali ya mjini Tanga, na kwa mguu ule hapandi basi. Gari likilala, kidonda nacho kinalala bila kusafishwa.

Nililinunua kwa sababu ya jina. Kwetu mtu hatazami gari kabla hajauliza, "Spea zake zipo?" Jina hilo kila duka la spea Makorora, hapa Tanga, linalifahamu. Lakini pampu ya kwanza haikukaa, matundu ya bolti yalipishana. Ya pili vivyo hivyo.

"Mwalimu," fundi akasema, "gari lako linatutania." Ndipo akashika bisibisi na kuzibandua zile herufi.

Usiku ule nililitafuta neno lile kwenye simu. Gari lilitengenezwa na kampuni ndogo, ikalipa jina hilo. Kampuni kubwa ikalichukua hilohilo, ikalibandika nembo yake na jina lake, ikaliuza kando ya pacha wake. Ng'ambo kwingine lilipewa jina la tatu. Lakini jina lililobandikwa kwangu halikuwa hata moja kati ya hayo. Lilikuwa la gari jingine kabisa, lile ambalo watu huku hulipenda.

Nikaenda dukani na jina la kampuni ndogo. Muuzaji akacheka. "Hilo ni gari au dawa ya kikohozi?" Jina la pacha nalo hakulijua. Sikubishana naye. Nikaanza kutazama taa za nyuma za kila gari dogo, maana taa hazibandikwi ovyo. Makorora sikuona lenye taa kama za langu. Muheza, pembeni ya wauza machungwa, nikaliona, limeshushwa na mzigo mpaka matairi yanagusa bodi. Taa zilezile, nembo ya kampuni kubwa.

"Shikamoo, mzee. Pampu ya maji hununua wapi?" nilimuuliza mwenye gari.

"Marahaba, mwanangu. Kwani unalinunua au unalipeleleza?" Nilimweleza. Akazunguka gari langu, akagusa taa. "Haya ni mapacha. La kwangu limevaa kanzu yake. La kwako limeazima ya jirani."

Akafungua boneti, akanionyesha namba iliyopigwa kwenye pampu yake; kwenye yangu kutu ilikuwa imeila. "Dukani usitaje jina. Taja hii."

Muuzaji yuleyule aliichukua namba ile, akaingia nyuma ya duka, akatoka na pampu. Ilikuwa imekaa rafuni siku zote. Fundi aliifunga, matundu yakalingana.

Jumanne mama alikaa mbele, mguu ameunyoosha. Tulipita Pangani mpaka Tanga bila kuongeza maji. Muuguzi alisema kidonda kinaanza kufunga.

Herufi za uongo sijazirudisha. Aliyeniuzia anasema gari lilimfikia likiwa nazo. Aliyemuuzia yeye anasema vivyo hivyo, na nimemtafuta aliye nyuma yao. Simu inaita, haipokelewi.