Mbeyu Hasalimu Njiani

Mji wetu huu, mtu akikupita bila salamu utakesha ukijiuliza umemkosea nini. Kisha aje Mbeyu, Mgiriama aliyefunzwa adabu na nyanyake akafunzika, ndiye apewe kazi ya kuwapita watu kimya.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna nyumba Majengo ambako wanawake wanaosimama barabarani Mbaraki kutafuta wateja huja mchana. Hupimwa, hupewa dawa na mipira ya kinga, huoga, na aliyechoka hulala. Mbeyu naye alisimama huko Mbaraki zamani. Leo ndiye mwenye kuwafuata na kuwabembeleza waje. Na sharti lao ni moja: njiani hamjuani, mpaka mwanamke mwenyewe akusalimu kwanza. Maana Majengo nzima wamjua Mbeyu na kazi yake, na binti akionekana naye, basi, watu wamekwisha kumhukumu.

Sharti zuri, sikatai. Lakini sharti halina macho.

Fadhiya alikuwa na mimba ya miezi sita, na virusi vya ukimwi. Akimeza dawa zake bila kukosa, mtoto angeweza kuzaliwa salama. Aliishi papo hapo Majengo kwa shangazi yake, Bi Mwanaesha, aliyeamini kwamba binti huyu apika hotelini. Siku moja Mbeyu akakutana nao sokoni Marikiti. Fadhiya alikuwa amepigwa, jicho limevimba, na kwa jicho lile lile alimtazama Mbeyu asibanduke. Mbeyu akainamia nyanya, akazibonyezabonyeza, akapita. Moyo ulimuuma, lakini alipita.

Tangu siku hiyo Fadhiya hakuja kuchukua dawa. Simu yake imezimwa. Mbeyu akamuuliza Beverly, mwenziwe Fadhiya wa Mbaraki.

"Asema kule kwenye nyumba yenu ya dawa wewe wamwita mwanangu," Beverly akajibu, "na sokoni wamwona inzi."

Mbeyu hakupata usingizi. Akienda kwao, atakuwa amemvua binti wa watu nguo mbele ya shangazi yake. Asipokwenda, atakayelipa ni mtoto aliye tumboni. Kulipokucha akajifunga leso, akaenda. Aliwakuta barazani wakichagua mchele.

"Fadhiya, hujambo mwanangu? Lile jicho lapona?"

Ah, Mbeyu! Si ungesalimu tu, jicho ukaliacha?

"Sijambo, mamangu," Fadhiya akasema, na uso wote ukamkunjuka. Wallahi, kwa muda ule mdogo alifurahi. Bi Mwanaesha akausukuma ungo kando.

"Wewe na huyu mwajuana wapi?"

Mbeyu, mwenye uongo tayari kwa kila mlango, siku hiyo alikosa hata mmoja. Fadhiya naye aliinama akaendelea kuchagua mchele, na Bi Mwanaesha, aliyeijua kazi ya Mbeyu kama mtaa wote, akaelewa.

Kesho yake jua likitua, hodi ikabishwa kwa Mbeyu. Ni Fadhiya, na begi mkononi, buibui limejaa vumbi. Mbeyu akasimama pale pale mlangoni. Yeye na mumewe Charo wana chumba kimoja, na mwenye nyumba ni mtu asiyetaka kuona hata mgeni wa chai.

"Dawa unazo?" akauliza. Ndilo neno la kwanza lililomtoka.

Fadhiya akatikisa kichwa: hana.

"Umenisalimu mbele ya watu, mamangu, na salamu hiyo imenifukuzisha," akasema polepole. "Sasa nimekuja kwako, na hodi yangu hata hujaiitikia."

Mbeyu akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Jirani alikuwa amekwisha kutoa kichwa dirishani. Kesho mtaa mzima utajua, na mwenye nyumba atakuwa wa kwanza. Mbeyu akanyoosha mkono, akalipokea lile begi.

"Karibu," akasema, kwa sauti ya kumfikia jirani. "Karibu ndani, mwanangu. Charo, tandika mkeka."