Kuku wa hitma ya baba yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, na usitaje mtaa zaidi ya kusema Iyunga, maana ndugu wa mume wangu wengi wapo kwenye hii page. Mimi ni mama wa miaka 36, kwetu ni Ipogolo, Iringa, ndoa ndiyo imenileta Mbeya. Nina binti mmoja. Mimi na mume wangu, nimwite Baba Nasra, tunafuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Sisi ni Waislamu. Nimelisema hilo mapema kwa sababu ndilo linaloniumiza zaidi.

Mwaka huu kuku wetu walianza kuzubaa. Kuku anasimama pembeni, manyoya kayatimua, macho kafumba, kishungi kimepauka, na chini ya mkia kagandiwa na kinyesi cha njano kilichochanganyika na kijani. Harufu ya banda ikawa ya kukaba koo. Nikamwita daktari wa mifugo. Akampasua mmoja aliyekufa, akatuonyesha ini lilivyovimba na kubadilika rangi, akasema anahisi ni homa ya matumbo ya kuku, ila atapeleka sampuli ahakikishe.

Akatuambia, "Wagonjwa watengeni leo hii. Waliokufa chimbieni shimo refu, mwageni chokaa, fukieni. Mlangoni wekeni beseni la dawa, kila anayeingia akanyage. Na asitoke kuku wala yai hapa mpaka niwaambie."

Baba Nasra akaitikia vizuri tu. "Sawa daktari. Kazi ya kuzika naifanya mwenyewe."

Wakati huo tulikuwa tunajiandaa na hitma ya arobaini ya baba yangu mzazi. Alifia hapa Mbeya akitibiwa, tukamzika hapahapa, kwa hiyo hitma ikawa kwangu. Mama na kaka zangu wakaja kutoka Iringa. Nilikuwa nimechoka, sijui pilau nitapikia nini. Baba Nasra akaniambia, "Kuku usiwaze. Nitachukua wazima kwa rafiki yangu, nitawachinja hukohuko." Siku ya shughuli akaleta ndoo zimejaa, kuku wameshanyonyolewa. Jamani, nililia. Niliwaambia ndugu zangu wote, mnamuona mume niliyempata?

Mama jirani aliyekuwa anapika ndiye aliyeshtuka. "Mama Nasra, hawa kuku mbona wekundu hivi? Damu imebaki ndani." Mume wangu akadakia kwamba walichinjwa harakaharaka. Mimi nikamwamini.

Watu wakasoma, wakaomba dua, wakala. Mama yangu tangu msiba alikuwa hali vizuri. Nikamchagulia paja mwenyewe, nikambembeleza, "Kula mama, mkwe wako amehangaika." Akala. Akainua mikono akamwombea Baba Nasra mbele ya wote. Kesho yake tumbo likamvuruga, akaharisha hadi akalegea. Tukasema ni uchovu wa msiba.

Baada ya ndugu kuondoka, nikatoka sokoni nikapitia nyuma ya stoo. Nikamkuta Baba Nasra amechuchumaa, ameshika kuku aliyekakamaa, miguu imenyooka kama vijiti, sisimizi wanatembea machoni. Anamkata shingo. Kisu kinapita, damu haitoki, linachuruzika tone jeusi tu. Pembeni ndoo ya maji ya moto, na wengine wamelala juu ya gunia wakisubiri zamu. Mainzi yalikuwa yanatoka kwenye mizoga yanatua kwenye mikono yake, wala hayafukuzi.

"Baba Nasra, unachinja mzoga?"

"Punguza sauti. Kuna mtu wa chipsi anakuja kuwachukua."

"Si umeambiwa uwafukie? Hawa ni wagonjwa! Halafu ni nyamafu, ni haramu!"

Akanitazama kama mimi ndiye nisiye na akili. "Moto unaua kila kitu. Mbona wale wa hitma mlikula mkasifia? Na bismillah nilisema."

Nilitapika palepale. Nilitapika mpaka nikawa natoa maji matupu, huku kichwani namuona mama yangu anatafuna lile paja.

Nikachukua jembe, maana shimo lenyewe lilikuwa halijawahi kuchimbwa. Nikachimba, nikawatupa wote, nikamwaga chokaa, nikafukia. Mtu wa chipsi alipokuja nikamwambia waziwazi kuku ni wa ugonjwa. Akaondoka na gunia lake tupu, hata hakushtuka, ndipo nikajua si mara yake ya kwanza. Majibu ya sampuli yalipotoka, ugonjwa ulikuwa uleule. Daktari akasema dawa pekee haitoshi, maana hata anayepona anaweza kubaki na vimelea akawaambukiza wengine. Kuku wote wakauawa na kufukiwa, maranda yakachomwa, banda likasuguliwa na kupigwa dawa, na sasa linapumzika.

Banda limekuwa safi. Ndani kwangu ndiko kunanuka. Mume wangu akigusa sahani, mimi chakula hakipiti. Akinisogelea kitandani naviona vile vidole na mainzi. Nimemuuliza aliuza wangapi na kwa nani. Ananiambia nakuza mambo, na kwamba nikifungua mdomo nijiandae kurudi Ipogolo.

Mama kila akipiga simu anamsifia. "Mpe mkwe wangu salamu, alinisitiri." Jana amepiga tena. Kaka yangu anaoa mwezi ujao, na ukoo umekubaliana kwamba kitoweo cha harusi kisimamiwe na Baba Nasra, kwa vile wanamwamini. Simu ilikuwa kwenye spika. Akajibu mwenyewe, "Usihofu mama, kuku nitawachukua kwa wafugaji wenzangu huku, nitawaleta Iringa wakiwa wameshachinjwa." Halafu akanitazama usoni, akatabasamu.

Nikisema, mama atajua alilishwa nini siku ya kumwombea marehemu mumewe, na presha anayo. Na ndoa yangu ndiyo basi. Nikinyamaza, ukumbi mzima utakula kutoka kwenye mikono ile. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nimeshindwa kuamua. Mngekuwa mimi, mngemwambia nani kwanza, na mngeanzaje?