Mzunguko wa Tatu wa Kipilefti

Gari lenyewe lilikuwa la viti viwili, jekundu, halina paa la maana. Nililinunua Shinyanga katikati ya miaka ya sabini, kwa mzungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Lilikuwa gari la michezo la watu wasio na uwezo wa gari la michezo. Mimi mkaguzi wa pamba, mtumishi mdogo tu wa serikali, nilijiona nimefika. Nilimeza vumbi la mji mzima kwa sababu nikiliendesha sikuweza kufunga mdomo, natabasamu.

Nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: gari hilo na mdogo wangu wa kike, niliyemlea tangu wazazi walipotutoka, yeye akiwa bado wa kufungwa vifungo vya sare. Alipochumbiwa na mwalimu wa Ushirombo, mbali na Shinyanga, kijana mpole, nilimchunguza sana nimpate na kosa. Hakuwa nalo. Nikamchukia wiki nzima kwa hilo.

Gari nalo lilikuwa na ugonjwa wake. Kila nilipokata kona ndefu ya kulia, mshale wa geji ya oili ulianguka. Nikalipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko, mtu asiyecheka, nikamkuta anakunywa uji. Alinisikiliza, akachomeka bua la jani la mpapai upande wa kulia wa bakuli, akaliinamisha bakuli kushoto, akavuta. Fyuu, hewa tupu. Akanieleza kuwa sampu ya gari langu, lile bakuli la oili chini ya injini, ni pana na haina kina; kona ya kulia inaikimbiza oili yote kushoto, pampu inabaki inanyonya upepo. Kona fupi haina neno.

"Lakini usizunguke, bwana," akasema. "Ukizunguka, injini itanoki, na spea zake huku hakuna."

Oili yenyewe miaka hiyo ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, kwa hiyo sampu haikujaa sawasawa hata siku moja. Nikaanza kuishi kwa masharti. Kwenda posta, badala ya kukata ile kona ndefu ya kulia, nilipita mitaa ya nyuma nikakata kushoto mara tatu. Majirani wakaamua kwamba nina mwanamke huko nyuma, nami nikawaacha waamini hivyo.

Sasa, kwetu bibi harusi hapelekwi kanisani moja kwa moja. Msafara hupitia kwanza kipilefti cha mjini, ukakizunguka mbio mbio honi zikilia, mji ujue nani anaolewa. Na kipilefti ukishakiingia, ni kulia tu mpaka utoke. Nilimsimulia mdogo wangu habari za uji na bua. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi, tukakubaliana mzunguko mmoja.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, alikaa kushoto kwangu, shela limefungwa kwa kitambaa lisipeperuke. Nyuma yetu lilikuja lori la pamba limejaa shangazi wanaoimba, dereva wake mjomba aliyeamini kwamba mwendo wa pole ni aibu ya ukoo. Alitusukuma kwa honi. Mzunguko wa kwanza mshale ukainama, ukainuka. Wauza karanga wakapiga makofi. Mdogo wangu akacheka mpaka akashika mbavu, akaomba mwingine. Nikampa. Mshale ukalala kabisa, na chini ya boneti kitu kikaanza kugonga taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa adabu.

"Basi, kaka," akasema. "Tutaliua gari."

Barabara ya kanisani ilikuwa wazi mbele yangu. Kanisani alikuwepo mwalimu, na baada ya mwalimu ilikuwepo Ushirombo. Nikakata kulia tena. Mzunguko wa tatu sikuombwa na mtu, na nilijua vizuri nafanya nini.

Injini ilitoa mlio mmoja wa chuma, ikanyamaza. Mjomba alishuka akashauri bibi harusi apande lori. Bibi harusi alikataa. Alisogea kwenye kiti changu, akakusanya gauni, akashika usukani, akatuambia tusukume. Shangazi wakateremka na kukaza kanga zao viunoni.

Gari lilikuwa jepesi, kanisa lilikuwa karibu, na mikono ilikuwa mingi. Hata hivyo tulikwenda polepole ajabu. Kutoka nyuma niliona shela tu na shingo yake iliyonyooka, anatazama mbele. Shangazi mkubwa, aliyekuwa bega kwa bega na mimi, akaacha kuimba. Akaitazama mikono yangu ilivyong'ang'ania ukingo wa buti.

"Wewe mtoto," akaniuliza kwa sauti ya chini, "unasukuma au unavuta?"

Nilikuwa navuta.