Balbu Nzima Haitupwi

Fundi cherehani wa chumba cha mwisho walimwita Bi Sindano, na ulimi wake nao ulichoma, ila siku hizo alikuwa anajaribu kuuzuia. Kosa lake lilikuwa kuwasha taa mchana. Chumba chake kilikuwa na kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani, na sijamwona bado fundi anayetunga uzi gizani. Nyumba nzima ilikuwa na mita moja. Kila mpangaji alichanga sawa na mwenzake, umeme ukanunuliwa, na kila mwezi uliisha kabla ya wakati. Ukiisha tu, macho yote yanageukia chumba cha mwisho.

“Cherehani ndiyo inatumaliza,” kinyozi wa chumba cha mbele alisema uani, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

“Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, baba,” Bi Sindano alimjibu. “Inakula viatu vyangu, haili umeme wako.”

Watu walicheka. Mama mwenye nyumba hakucheka. Alisema umeme ukiisha tena kabla ya mwisho wa mwezi, fundi afunge virago na cherehani yake atafute pengine. Hapo Bi Sindano naye kicheko kikamkauka. Alikuwa mjane, na wateja wake wote walikuwa wa mtaa ule ule. Wengine alianza kuwashonea nepi, sasa anawashonea sare za shule. Kuhama kulikuwa ni kuanza upya, na umri huo wa kuanza upya alishaupita. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akapiga moyo konde. Sihami, alijiambia. Siku nikihama, nitakuwa nimetaka mwenyewe.

Akainua macho akaitazama balbu iliyoning’inia juu ya cherehani. Ilikuwa ya zamani, ile yenye waya ndani, na ilimchoma utosi kila alipoinama. Taa inayompikia mtu kichwa, aliwaza, umeme wake si inaumalizia kwenye joto? Akaenda duka la vifaa vya umeme kuuliza, na muuzaji akamthibitishia: zipo balbu za kubana matumizi, mwanga ule ule, umeme kidogo sana. Akiba yake ilikuwa ya kununulia pasi mpya. Aliitoa yote, akanunua balbu ya kila chumba, hata cha kinyozi. Wapo watakaosema ni ujinga kumnunulia taa mtu anayekusema vibaya. Lakini mita ilikuwa moja, na chumba kilichokuwa hatarini kilikuwa chake.

Alipanda kigoda mwenyewe, chumba baada ya chumba, akazifunga. Wapangaji walimshukuru, mwalimu wa chekechea wa chumba cha kati akamwombea na baraka. Bi Sindano akawa anaikagua mita kila asubuhi. Wiki ya kwanza haijaisha, akaona uniti zinateremka kama zamani. Hapana, zilikuwa zinateremka kwa kasi zaidi. Akakaa pale pale kwenye ngazi.

“Si nilisema ni cherehani?” kinyozi alisema akimpita kwenda kazini.

Bi Sindano alinyanyuka akaanza kuizunguka nyumba taratibu, macho juu. Bafu, ambalo tangu lijengwe watu walioga kwa kupapasa, lilikuwa linawaka. Barazani kwa mwalimu kulikuwa kunawaka. Kupitia dirishani, juu ya kioo cha kinyozi kulikuwa kunawaka, na mwenyewe ameshaondoka. Na zote zilikuwa balbu za zamani! Hakuna aliyetupa hata moja. Balbu ambayo haijaungua ni mali, na mali haitupwi. Basi kila mtu aliitafutia balbu yake ya zamani kazi mpya, akaiacha iwake kutwa, kwa kuwa nyumba sasa ilikuwa “inabana umeme”.

Alirudi mbio kwenda kuwasema, akakuta kwenye kizingiti chake mwenyewe balbu kongwe inawaka, inamulika magauni aliyoyatundika ili wateja wayaone. Alikuwa ameifunga kwa mikono yake. Nyani haoni kundule. Alijicheka kwa aibu, akaifungua ikiwa bado moto, akaitia kwenye beseni, kisha akaenda kugonga milango.

“Nitupe taa nzima?” kinyozi alifoka jioni hiyo. “Hata haijaungua!”

“Ndiyo maana inatuunguza sisi. Yangu hii hapa, nimeanza mimi. Tia na yako.”

Akatia, huku akinung’unika. Mwalimu akatia. Ikabaki ya mama mwenye nyumba, ambayo kumbe ilikuwa ndani ya boksi la vifaranga, inavipa joto usiku na mchana.

“Vifaranga vyangu vikifa kwa baridi, wewe ndiye utavifufua?”

“Nipe mpaka kesho, mama.”

Alishona vipande vya mabaki ya nguo tabaka juu ya tabaka, akapata mfuniko mnene kama godoro, akaacha tundu za hewa. Vifaranga vilishaanza kuota manyoya. Balbu ilipotolewa, vikajibana chini ya mfuniko, vikatulia. Kila alfajiri Bi Sindano alikwenda kupenyeza mkono boksini, asiutoe mpaka aguse uvuguvugu.

Mwezi uliisha na taa zikiwaka. Mama mwenye nyumba aliwaita wapangaji wote uani, Bi Sindano akabaki ndani kwenye cherehani, akisikiliza kwa hofu.

“Miezi yote tumemsingizia fundi,” sauti ya mama ilisema. “Mchana alihitaji taa ili ale. Sisi wengine tuliwasha tu. Mimi niliyetaka kumfukuza, yangu iliwaka kwa kuku. Fundi, unanisikia huko? Nisamehe.”

Machozi yalimtoka Bi Sindano huku miguu ikikanyaga, asione anachoshona, pindo likaenda upande. Akajifuta uso, akalifumua, akalianza upya.