Mwaka wa Mabango na Mkono wa Bibi Adelina

Siku ya kwanza kazini nilifika duka bado limefungwa. Mlinzi akanitazama kuanzia kandambili mpaka nywele, akasema, "Wanaoomba kazi ya usafi wapite nyuma." Nikamwambia mimi ni mbunifu. Akasema, "Sawa, mbunifu, pita nyuma." Basi utumishi wangu katika kampuni kubwa ya maduka, hapa Bukoba mjini, ulianzia kwenye mlango wa mapipa ya taka.

Nawaandikia nyie wadogo zangu mnaoanza sasa, ili mjue kazi hii ilifanywaje enzi zetu. Enzi zetu ziliisha mwezi uliopita. Nina miaka ishirini na mbili, nimestaafu baada ya mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Msicheke. Wapo waliofanya kazi miaka arobaini na hawakuona nilichokiona mimi Muleba.

Elimu yangu ni darasa la saba. Nilikuwa nachora kuta za saluni na vibanda vya chipsi pale Ijuganyondo, baadaye nikajifunza kutengeneza matangazo kwenye simu. Kampuni ilipotangaza inatafuta vijana wa kujifunza ubunifu, nikapeleka picha za kuta zangu. Mkuu wa Ubunifu, mama mmoja mrefu aliyehamishiwa huku kutoka Dar, akazitazama moja moja.

"Huyu anayenyolewa mbona ana masikio matatu?"

"Moja la akiba, Mkuu."

Akanichukua.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa lebo. Lebo ni kile kikaratasi cha bei kinachokaa ukingoni mwa shelfu. Unakiona kidogo, lakini kina sheria nyingi kuliko ndoa. Msimamizi wa Lebo alikuwa baba mpole aliyetembea na rula kwenye mfuko wa shati. Alikuwa anasimama hatua tatu kutoka kwenye shelfu, anafumba jicho moja, halafu ananiita. "Koku, njoo. Jina la sabuni limeimeza bei. Huyu mteja amekuja kununua jina?" Narudi, napunguza jina, nakuza bei. Miezi mitatu nilipunguza majina tu.

Wakanipeleka vipeperushi, zile karatasi za ofa za mwisho wa mwezi. Huko nilijifunza kukata picha, maana yake unaondoa kila kitu kilicho nyuma ya bidhaa ibaki yenyewe kwenye weupe. Ndoo ni rahisi. Samaki ana mapezi, na mimi nilikuwa na haraka. Nilimkata sangara mmoja mpaka muuza samaki wetu akapanda ngazi kuniuliza, "Dada, huyu tunamuuza na ulemavu wake?" Mkuu wa Ubunifu alicheka, kisha akanirudishia sangara nimkate upya. Nilimkata mara nne.

Ndipo nikapanda cheo, nikaingia kwenye mabango.

Kampuni ilikuwa inafungua tawi Muleba. Mkuu akataka bango la turubai la kuning'iniza mbele ya duka, kubwa, likimwonyesha mtu wa kule kule akikaribisha wageni. Nikasema ninaye. Bibi Adelina wa Kishanda ni mdogo wake bibi yangu mzaa mama. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri kweli kweli, mtu ambaye watu hunyamaza akikohoa. Tukaenda na mpiga picha wa kampuni, bibi akatupokea kama anavyopokea wote: kabla hujaulizwa habari, unapewa akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, iko kwenye kikapu kidogo. Anakunyooshea kwa mkono wa kulia, na wewe unapokea kwa adabu. Mpiga picha akaona hiyo ndiyo picha.

Bibi akakubali, kwa sharti moja. Alinishika sikio kabisa.

"Koku, umesema nitakuwa mkubwa kama nyumba?"

"Karibu na nyumba, bibi."

"Basi aibu nayo itakuwa kubwa kama nyumba. Mimi hapa nimeishi miaka yote hakuna aliyenisema. Usije ukanipa watu wa kunisema."

Nikaapa. Tena nikaapa nikiwa natafuna.

Ofisini nikaipanga picha. Bibi alikuwa anatazama kushoto, na maneno ya KARIBUNI nilikuwa nimeyaweka kulia. Mkuu akapita nyuma yangu, akasema, "Mtu kwenye bango asiyape maneno mgongo. Akitazama nje, na mteja anatazama nje, anaondoka." Akaenda kwenye kikao. Mimi nikafanya kile tunachofanya wote: nikaigeuza picha, kulia ikawa kushoto kama kwenye kioo. Kubonyeza mara moja tu. Bibi akayatazama maneno vizuri. Nikamwonyesha Mkuu, akakagua herufi, akakagua rangi, akasema sawa. Likaenda kuchapwa.

Siku ya ufunguzi tulifika Muleba asubuhi mapema. Mafundi wakalipandisha bango, wakafunga kamba kwenye vitobo vyake vya chuma. Nikasimama barabarani nimeshika kiuno kama mwenye duka. Mama mmoja aliyebeba ndizi akasimama karibu yangu, akatazama juu.

"Si Ma Adelina wa Kishanda yule?"

"Ndiye."

"Waitu! Mbona anatupa kahawa kwa mkono wa kushoto? Tumemkosea nini?"

Nikacheka. Halafu nikatazama. Wadogo zangu, nikaondoa mikono kiunoni. Bibi yangu, mzee wa kanisa, mkubwa kama nyumba, anawanyooshea Wahaya wote akamwani kwa mkono ambao mtoto wa miaka mitatu akiutumia anapigwa kofi. Yule mama akaita mwenzake. Mwenzake akaita wengine. Mmoja akasema labda uzee. Mwingine akasema labda amelipwa, watu wakilipwa wanasahau walikotoka. Neno lenyewe ndilo hilo sasa, lile ambalo bibi alikuwa hajawahi kusemwa.

Meneja wa tawi akatoka mbio. "Mpiga picha yuko wapi? Nani alimwambia mzee wa watu atoe kwa kushoto?" Mpiga picha akaanza kujitetea, jasho linamtoka, "Bosi, alitoa kwa kulia, naapa." Hakuna aliyemsikiliza. Mkuu wa Ubunifu naye akawa anamkazia macho.

Mimi utani ninao mwingi. Pale sikupata hata mmoja.

"Mkuu, ni mimi," nikasema. "Alitoa kwa kulia. Niliigeuza ili atazame maneno."

Mkuu akaacha kumtazama mpiga picha. Kisha akasema taratibu, "Na mimi nikapitisha. Tulitazama bango wote wawili, hatukumtazama mama wa watu." Akauliza tunaweza kuchapa jingine lini. Mashine iko Bukoba, watu wanaingia saa nne. Hakuna muda.

Bibi Adelina akafika wakati huo huo, nyuma ya bodaboda, na kitenge kipya. Watu wakampisha. Akashuka, akatazama juu.

"Koku."

"Bibi."

"Ule ni mkono wangu gani?"

"Wa kulia, bibi. Mimi ndiye nimeupeleka kushoto."

"Kwa nini?"

"Ili uyatazame maandishi."

"Mimi bila miwani sisomi hata jina langu! Niyatazame ya nini?"

Yule mama wa ndizi ndiye aliyeanza kucheka. Bibi hakucheka. Akageuka kwa meneja. "Baba, mna kahawa humo ndani?" Ikaletwa akamwani kwenye kikapu. Mimi nikaomba ngazi, nikapanda mwenyewe, nikalikunja bango kutoka chini na kulifunga kwa kamba. Bibi wa kwenye turubai akabaki uso na mabega, na KARIBUNI yake. Mkono, bibi mwenyewe akaumalizia mlangoni. Alisimama pale mpaka mchana, kila anayeingia anampa kwa kulia, anamtazama usoni, anamwamkia kwa jina la ukoo wake. Wale waliokuwa wamemsema aliwapa mbilimbili. Hawakuweza hata kumtazama.

Bango jipya lilikuja baada ya siku chache, nikiwa nimeyahamisha maneno badala ya kumgeuza mtu. Hiyo ndiyo sheria yangu pekee ninayowaachia: maneno yanahama, mtu hahami.

Mwaka ulipoisha Mkuu alinipa barua nzuri ya utumishi, ndani yake sangara hakutajwa. Nimerudi Ijuganyondo kwenye kuta zangu. Watu wananiuliza kama najuta. Nawaambia nilijuta kwa muda wa saa tatu hivi, asubuhi moja, barabarani Muleba. Zilinitosha.

Jumapili iliyofuata ufunguzi nilikwenda kanisani Kishanda nikiwa nimejiandaa kuona watu wakinong'ona. Ibada ikaisha. Kina mama wakamzunguka bibi pale nje, nikasogea nisikie.

"Ma Adelina, na sisi lini tutapigwa picha?"

Bibi akanionyesha kwa kidevu. "Mwambieni huyu. Kwangu ameshakosea, kwenu hathubutu."