Lakiri Kwenye Injini ya Baunsa

Mume wa dada yangu aliitwa Baunsa kwa sababu alikaa mlangoni mwa ukumbi wa muziki miaka tisa, akiwatoa watu nje kama anayetoa takataka. Kabla ya hapo alipasua mawe machimboni. Mikono yake haikujua kazi nyingine ila kugonga kitu mpaka kiachane. Mtu wa mwisho aliyemgonga pale mlangoni alikuwa mlevi aliyemtemea mate. Alimshika kisogo akambamiza uso kwenye nguzo mara nne. Mlevi alipoteza jicho, Baunsa akafungwa miaka miwili.

Siku aliyotoka, dada yangu alimngoja kwenye lango la gereza na begi jekundu mkononi. Baunsa alidhani kaletewa nguo.

"Nguo zangu hizi," dada alimwambia. "Begi litakaa nyuma ya mlango. Siku utakayompiga mtu tena, awe nani, nalibeba na sirudi."

Dada yangu hana maneno mengi, na tangu tukiwa watoto sijamwona akitishia jambo asilitende. Begi lilikaa nyuma ya mlango miaka minne, limejaa, zipu imefungwa. Baunsa alilipita kila asubuhi akitoka.

Lakini kilichomtuliza hasa ilikuwa teksi. Gari dogo la kijivu, limetumika lakini safi, alilolinunua kwa kampuni moja pamoja na dhamana ya nyongeza ya miaka mitatu, kwamba likiharibika watalitengeneza bure. "Shemeji," alikuwa akiniambia, "mikono ikishika usukani haina nafasi ya kushika kola ya mtu." Abiria wakimtukana, aliuminya usukani, na ngozi iliyoufunika ilichubuka pande mbili mpaka kitambaa kikaonekana. Mwenye ukumbi naye hakuacha kumpigia simu. Alijua kuwa gari hilo likifa, Baunsa atarudi mlangoni kwake, maana nani mwingine angemwajiri mtu aliyemtoboa mwenzake jicho? Na mlangoni kule hakuna anayekaa mwezi bila kupiga.

Mimi nilikuwa fundi wa magari miaka thelathini na minane. Sikusomeshwa na mtu. Nilijifunza kwa vitabu vya injini vilivyochanika majalada, kamusi pembeni, taa ya mafuta mbele. Enzi zetu fundi aliisimamia kazi yake kwa uso wake. Gari likirudi bovu, mwenyewe alikuja akakushika mguu akakuvuta kutoka uvunguni. Ulitukanwa, au ulipigwa, au vyote viwili, halafu gari lilitengenezwa. Siku hizi kuna kaunta na makochi, na fundi amefichwa nyuma ya kioo kama mgonjwa wa kifua kikuu.

Masharti ya dhamana yalijaa kurasa kumi na moja, na Baunsa aliyashika yote kichwani. Sevisi ni kwenye karakana ya kampuni tu. Mshale wa joto ukipanda, simama, zima, piga simu. Mkono wa nje usiguse injini. Kila walipomaliza kazi walipitisha waya mwembamba kwenye bolti na kuufunga kwa lakiri, kidonge cha madini ya risasi chenye namba, na namba hiyo iliandikwa kwenye kitabu cha sevisi pamoja na saini ya fundi. Hata mimi, shemeji yake, ninayekaa naye ua mmoja, hakuniruhusu kukaribia.

"Angalia kwa macho tu, shemeji. Tena ukiwa mbali."

Nilicheka, lakini iliniuma.

Miezi miwili baada ya sevisi ya kwanza gari lilianza kuchemka. Kwenye tambarare lilikuwa salama. Likipanda kilima likiwa na abiria watatu, mshale ulikimbia kama umeitwa. Alisimama, akazima, akapiga simu, kama karatasi ilivyosema. Wakalivuta, wakaongeza maji ya rejeta, wakamrudishia. Mara ya pili wakamwambia mshale unadanganya. Mara ya tatu boneti ilitoa mvuke kama chungu, abiria mmoja mwenye haraka akamrushia chupa kichwani, na Baunsa akabaki kauma usukani. Kauma kwa meno, sisemi kwa mfano. Alama zake zipo. Injini ilikwisha: gasketi imeungua, silinda hedi imepinda.

Kampuni ikaandika barua. Dhamana imefutwa, kwa kuwa thamostati imeondolewa na mtu asiyeidhinishwa.

Thamostati ni kidude kidogo kama kifuniko cha chupa, hukaa kwenye njia ya maji kuyaamrisha lini yaende kwenye rejeta na lini yarudi kwenye injini. Baunsa alikuwa hajawahi kulisikia neno lenyewe.

"Shemeji, nimemuua mtu?" aliniuliza, akinisukumia barua. "Mbona wananiandikia kama nimemuua mtu?"

Nilivaa miwani, nikachukua kitabu cha sevisi, tukaenda.

Meneja alikuwa kijana mwenye tai nyembamba na sauti ya kubembeleza. "Mzee wangu, nakuelewa kabisa," alisema, jambo ambalo husemwa na mtu asiyetaka kukuelewa. "Lakini mfumo unaonyesha kuna mkono wa nje."

"Mfumo umeiona injini?"

"Taarifa imeingizwa, mzee."

"Mimi nataka kuiona injini, si taarifa."

Baunsa alisimama nyuma yangu tu. Meneja alimtazama mabega, kisha akatufungulia mlango wa kioo.

Injini ilikuwa mezani, imefumuliwa, na vipande vyake vimepangwa kwenye trei. Nilipekua trei kwa kidole. Chini ya bolti za mdomo wa maji, pale inapokaa thamostati, nikaiona lakiri, waya wake umekatwa karibuni, bado unang'aa. Walipofungua juzi kuchunguza waliikata lakiri yao wenyewe, wakaitupa kwenye trei, na hapakuwa na mtu wa kusoma namba. Niliisoma mimi. Nikafungua kitabu. Namba ile ile, ya sevisi ya kwanza. Maana yake tangu siku ile hakuna aliyefungua pale ila wao.

Kisha nikaitazama saini. Saini ile niliifundisha mimi mwenyewe, kwa chaki, kwenye sakafu ya gereji yangu.

"Mwiteni Koleo," nikasema.

Koleo alikuja akifuta mikono, spana kubwa mfukoni. Kanenepa. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka sita. Aliponiona alisimama wima kama zamani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Thamostati ya gari hili iko wapi?"

"Sijui, fundi. Sisi hapa tunafuata kitabu."

Baunsa alikuwa amekwisha fika kwake. Alimkamata ovaroli kifuani kwa mikono miwili, akamwinua mpaka visigino vikaachana na sakafu, akambana kwenye nguzo ya chuma inayonyanyulia magari. Koleo akachomoa spana akampiga nayo juu ya sikio. Ngozi ilipasuka. Akampiga tena palepale, damu ikaruka mpaka kwenye tai ya meneja. Walinzi wawili wakaja mbio na virungu, wakaanza kumtwanga mgongoni kama wanaokung'uta godoro. Baunsa hakuachia. Hakupiga pia. Alikuwa amemshika yule mtu kama ashikavyo usukani, macho kayafumba, damu inachuruzika shingoni, na midomo inacheza. Nadhani alikuwa anajisemea habari ya begi.

Na mimi, mzee wa miaka sabini na moja, nilipiga kelele: "Mpige! Mpige aseme! Enzi zetu angekuwa ameshasema!"

Koleo, pumzi imembana, akanyoosha kidole kwangu.

"Muulize huyo! Muulize!"

Walinzi wakasita.

"Ilikuwa imekwama, nikaitoa," Koleo alisema huku akikohoa. "Mkono wangu ulifanya wenyewe. Kila gari naitoa. Nilipokuwa kwake niliwahi kuirudisha moja, kwa sababu kitabu kilisema irudishwe. Kitabu chake mwenyewe! Akanifunga kwenye bampa ya lori akanichapa na mkanda wa feni, anahesabu kwa sauti, mpaka nikajikojolea. Akaniambia nchi ya joto haina haja ya kidude hiki. Angalia!" Akavuta kola. Mabega yake yalikuwa na mistari minene, myeupe, ya miaka ishirini na mitano.

Baunsa alimwachia, Koleo akaporomoka chini ya nguzo. Kisha shemeji yangu akanigeukia, taratibu.

"Kweli, shemeji?"

Ningeweza kukana. Lakini nimesema kuwa zamani fundi alisimamia kazi yake kwa uso.

"Injini za wakati ule hazikuihitaji," nikasema. "Zilivumilia kuikosa. Hizi za sasa ukiitoa, maji yanashika njia ya mkato, hayafiki kwenye rejeta. Niliyasoma hayo baadaye. Sikurudi kumwambia."

Alinipiga mara moja tu. Nilisikia taya langu likilia kama bolti iliyokatika ndani ya tundu lake, nikaanguka juu ya trei, vyuma vikaniangukia.

Mlinzi mmoja akataka polisi waitwe. Meneja, rangi imempotea, akasema hapana. Polisi wangeuliza lakiri ni ya nani. Aliandika kwa kalamu, palepale juu ya pipa la oili, kwamba kampuni itaweka injini nyingine chini ya dhamana, akagonga mhuri, akatuomba tutoke kwa mlango wa nyuma. Baunsa alinibeba mgongoni mpaka nyumbani. Njiani alisema mara moja tu: "Shemeji, gari limepona, mimi nimekwisha."

Hakuingia ndani. Alikaa kwenye kizingiti, mikono juu ya magoti, kama vitu alivyokabidhiwa avilinde. Dada yangu aliangalia kichwa cha mumewe, kisha uso wangu.

"Nimeanguka," nikamwambia, kwa jinsi nilivyoweza. "Shimo la karakana."

Akanishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga.

"Kaka, shimo gani hili lina pete ya ndoa?"

Nikamwambia yote, maneno yakitoka vipandevipande pamoja na jino. Nilipofika kwenye mkanda wa feni alinizuia kwa mkono.

"Siku hiyo naijua. Mimi ndiye niliyemwosha yule mtoto mgongo. Nilikuomba uache, ukaniambia ufundi hufundishwa hivyo."

Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwepo. Au nilisema nimesahau.

Alikwenda nyuma ya mlango akalichukua begi jekundu. Baunsa pale kizingitini aliisikia zipu, akainamisha kichwa mpaka kwenye magoti. Dada akatoa nguo yake moja, ya maua, mpya, akaishika kwa meno na kuichana pindo hadi pindo. Kipande kimoja akanifunga nacho taya, akakikaza kwa nguvu zote juu ya utosi, akanikazia na fundo la pili ambalo halikuhitajika, mpaka sikuweza kusema tena.

Kipande cha pili akakichovya kwenye maji. Begi lilibaki wazi katikati ya chumba.

"Wewe," akamwita mumewe, bila kugeuka. "Ingia ndani nikuoshe hiyo damu. Nikimaliza uzirudishe hizi nguo kabatini, moja moja, kwa mikono hiyohiyo."