Alasiri Tuliyokatiwa Ardhi

Majuzi niliwaona wapima ardhi wakichimbia mawe ya mipaka hapa kijijini kwetu Ruanda, mkoani Songwe. Tangu uwe mkoa, viwanja vinagombewa. Nikakumbuka alasiri tuliyofika hapa kutoka Mbebe, mama akiwa mjane mpya asiye na shamba, njia nzima ikinukia maua ya kahawa.

Bibi Neema, mwenye shamba tuliyeelekezwa kwake, alimsikiliza mama mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nitawakatia ardhi."

Kwa utoto wangu nilidhani ataikata kwa panga kama mkate, tuibebe kichwani hadi Mbebe. Nikaangua kilio.

"Mjukuu wangu, unalia nini?"

"Ni nzito, bibi. Mama hataweza kuibeba."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike baba.

Mtoto wa bibi, mtu mzima, alinung'unika, "Mama, hawa si ndugu zetu."

"Tangu leo ni ndugu," bibi akajibu, akachukua jembe kutuonyesha mipaka.

Mama alipiga magoti, akapiga makofi ya taratibu kushukuru.

Mahindi ya kwanza tuliyovuna pale, mama alimpelekea bibi kabla sisi hatujaonja.